Mama Afrika kwenye daladala

Jana jioni foleni ya Ubungo haisogei, dereva kaweka "Malaika" ya Miriam Makeba, yule mwimbaji wa Afrika Kusini. Konda kaimba mpaka kasahau kudai nauli (sikumkumbusha). Mimi nikabaki namuwaza huyu mama. Mwaka 1960 mama yake mzazi anafariki, yeye yuko Marekani, anataka kurudi kwao kuzika, kumbe makaburu wameshamfutia pasipoti. 1963 akawashtaki mbele ya Umoja wa Mataifa. Nyimbo zake zikapigwa marufuku kwao. Hao tuliwazoea. Kinachoniuma ni Marekani: walimshangilia weee, lakini 1968 alipoolewa na Stokely Carmichael, mpigania haki za weusi, maonyesho yakafutwa moja baada ya jingine. Sauti ileile jamani! Wakahamia Guinea. Kwao Afrika Kusini alirudi 1990.