Samadi ya Ukara

Mke wangu ndiye aliyenitoa nyumbani. "Baba, mwenzako anakuita kisiwani Ukara tangu astaafu. Nenda kamwone, hapa unanichosha," alisema huku akifunga maandazi kwenye mfuko. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka kuangalia mtu mzima anayezunguka uani kutoka mwembe hadi mpera, kashika Biblia asiyoifungua.

Nilikuwa na miezi 14 tangu nikabidhi chaki. Miaka 36 nimefundisha jiografia, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa mzee wa kanisa. Nilipostaafu, sala nayo ikastaafu. Nikipiga magoti ni kama kupiga simu ukaambiwa namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Nilijaribu dawa zote ninazozijua: mkesha, mfungo wa siku tatu, hata mkutano wa injili wenye maspika ya kutikisa mabati. Kila nilikokwenda nilikuwa nautafuta mwaka 1984, nilipookoka nikiwa kidato cha tano, enzi tukiwa vijana wa UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo, tunaomba bwenini mpaka mwalimu wa zamu aje kutufukuza tukalale. Nilitaka moto ule ule, si mwingine.

Basi, katikati ya Agosti nikapanda meli ya Nansio, Ukerewe, pale bandari ya Mwanza Kaskazini, kuvuka Ziwa Victoria. Watu, magodoro, kreti za soda, kuku waliofungwa miguu. Harufu ya dagaa wa soko la Mwaloni ilitusindikiza kidogo, kisha mawe ya Mwanza yakaanza kupungua kimo hadi yakawa kama kokoto zilizosahauliwa ukingoni. Safari ile huchukua kama saa tatu na ushee. Mama aliyeketi karibu yangu aliimba tenzi za rohoni kwa sauti ya chini njia nzima, na ninakiri alinikera. Anayeshiba humkera mwenye njaa.

Nansio nilikula sato na ugali wa muhogo, nikapanda bodaboda hadi Bugolora. Vumbi la kiangazi sina haja ya kulieleza kwa anayelijua.

Kutoka Bugolora ndiyo unavuka kwenda Bwisya, Ukara. Ni mkono wa maji usio mrefu, lakini hakuna anayeuvuka siku hizi bila kukumbuka. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimebakiza kidogo tu kufika gati ya Bwisya, na watu zaidi ya 220 wakafa. Nilikuwa nahangaika na kamba za jaketi la kuokolea, vidole havinitii, kijana mmoja akanijia. "Shikamoo mzee. Nyosha mikono." Nikanyosha, akanifunga vizuri, akavuta kamba kuhakikisha.

Nilibaki nimekaa na maneno ambayo Yesu alimwambia Petro kando ya ziwa jingine: "Utakapokuwa mzee, utainyosha mikono yako, na mwingine atakufunga na kukuchukua usikotaka." Yohana 21, aya ya 18. Sura ile nimeihubiri sijui mara ngapi, na kila mara niliishia kwenye samaki 153. Samaki ni rahisi kuwahubiri.

Bwisya nilivua kofia mbele ya makaburi ya ajali ile, nikasimama, nikaondoka. Sikuwa na la kusema pale.

Sasa niseme habari za udongo, na asiyependa kilimo anivumilie. Ukara ni kisiwa kidogo, hakifiki kilomita za mraba 100, na tangu zamani kimejaa watu. Udongo wake ni mchangamchanga, umetokana na mawe, haukuzaliwa na rutuba. Kwetu Usukumani shamba likichoka mtu alihama. Babu yangu alivuka kwenda upande wa Geita kutafuta ardhi mpya, na wengi walifanya hivyo. Mkara angehamia wapi? Ziwa limemzunguka. Kwa hiyo akakaa na shamba lile lile, vizazi na vizazi, akajifunza kulilisha. Ng'ombe alimfuga ndani ya nyumba, kwenye shimo, akamkatia majani na kumletea. Chakula kilichobaki, kilichokanyagwa, kilichooza pamoja na mavi na mkojo, vyote vilichimbwa na kubebwa kwenda shambani. Katikati ya uwele alipanda mmea wa jamii ya marejea, si kwa kula, bali kwa kuufukia urudishe nguvu ardhini. Marejea! Jina hilo nimeliandika ubaoni miaka yote bila kulisikia.

Haya niliyafundisha kwa ajili ya mtihani. Ukara kwenyewe sikuwahi kukanyaga.

Mwenzangu, mwalimu wa hesabu, alinipokea akiwa amekonda, ana furaha, kucha zina weusi usiotoka. Wengi siku hizi wamegeukia mihogo na ng'ombe wamepungua, aliniambia, lakini yeye bado ana wawili shimoni, kama alivyofanya baba yake. Shemeji akacheka: "Alipokuwa kazini alikuwa hawagusi. Sasa anaongea nao."

Usiku tulisali sebuleni chini ya taa ya sola. Wao husoma Luka sura kwa sura, na hawakunichagulia mimi. Walikuwa tu wamefika sura ya 13. Mjukuu akasoma kwa kuunguruma, kama wasomavyo watoto: mwenye shamba ametafuta matunda kwenye mtini miaka mitatu, hajaona kitu, anataka ukatwe. Mtunza shamba akajibu, "Bwana, uuache mwaka huu nao, hata niupalilie, niutilie samadi."

Mfano huo siku zote niliusikia kama tishio la shoka. Usiku ule, ng'ombe wanacheua nyuma ya ukuta na harufu yao imejaa chumbani, nilisikia neno samadi. Mtunza shamba hakusema atauhamishia kwingine. Wala hakusema ataurudisha uwe mche.

Sikulala mapema. Nilimkumbuka mwanafunzi niliyemfukuza darasani kwa kosa ambalo baadaye nilijua si lake, na sikumwomba radhi. Nikakumbuka mazishi ya mdogo wangu ambayo sikuyahudhuria kwa sababu ya kusahihisha mitihani. Ikaja na hii miezi 14 yenyewe, ambayo nilikuwa naifagia nje kama takataka ili nimwite Mungu kwenye nyumba safi, nyumba ya 1984. Moja baada ya nyingine nikamtajia. Si kwa machozi. Niliorodhesha tu, kama mtu anayekabidhi ofisi.

Alfajiri mwenzangu aliniamsha, akanipa tenga na gunia la kukunja kichwani. Kiangazi ndicho wakati wa kupeleka samadi, kabla mvua za vuli hazijaja. Tulibeba. Yeye alifikisha matenga 11, mimi sita, shemeji tuliacha kumhesabu maana alikuwa anatuaibisha. Katika tenga la nne, nikipanda kijilima shingo ikiniuma, nilijikuta nasema, "Baba." Nikanyamaza. Nikasema tena, "Baba." Moto haukushuka. Niliendelea kupanda, na sikutaka kuongeza neno.

Nilikaa siku tano. Siku ya kuondoka nilivaa koti nililokuja nalo, ambalo shemeji alikuwa amelifua mara mbili na kulianika upepo wa ziwa kutwa nzima. Kwenye meli ya kurudi Mwanza, kijana aliyekaa jirani yangu alinusa, akatazama soli za viatu vyake, akanusa tena. Kisha akaniomba samahani, akachukua begi lake, akahamia upande wa pili.

"Hamna shida, baba," nilimwambia. Na nikapata nafasi ya kunyosha miguu.