Siku za baridi kifua kinavuta

Wazazi wa wanafunzi wakinikuta Nyawera sokoni swali ni lile lile tangu nipasuliwe moyo, mwalimu, ulishapona? na mie najibu nilishapona, Mungu ni mkubwa, tunaachana hapo. Sitaanza kumweleza mtu katikati ya soko, samaki wa sambaza mkononi, kwamba moyo ulipona lakini kifua bado kina mambo yake.

Leo mvua imekesha hapa Bukavu, na siku za baridi hivi ndo nakumbuka vizuri kwamba huu mfupa wa kati ulipasuliwa kwa msumeno halafu ukafungwa na waya za chuma. Waya hazitolewi, ziko humo maisha yote. Mfupa wenyewe unashikana kwa miezi miwili mitatu hivi, wangu ulishika zamani, daktari aliukandamiza na vidole akaniambia kohoa, haukucheza. Lakini baridi ikiingia tu nasikia kitu kinavuta kuanzia chini ya shingo mpaka juu ya tumbo, si maumivu, ni kuvuta tu, na nikiinua mkono niandike juu kwenye ubao kinavuta zaidi. Basi siku hizo naanzia katikati ya ubao kwenda chini, na watoto wa nyuma wanalalamika hawaoni.

Halafu kuna ile sehemu yenye ganzi, kushoto kwa kovu. Nikioga nikamwaga maji ya moto nasikia moto huku na huku, pale hapana, nasikia maji yanapita tu bila joto. Na ajabu, pale pale pasiposikia kitu ndo panawasha! Unakuna juu, muwasho uko ndani, kucha haifiki. Waliniambia vineva vidogo, mishipa ya fahamu, vilikatwa, vingine vitaota polepole sana, vingine havitarudi, nikaona wananizungusha tu. Mwanzoni ilikuwa kiganja kizima, siku hizi ni upana wa vidole vitatu, kwa hiyo vinaota kweli.

Kuna pia moyo kuruka. Umekaa zako unasahihisha madaftari, unapiga, unapiga, unanyamaza, halafu unapiga moja kubwa mpaka kooni. Zamani nilikuwa namwamsha yaya, dada yangu mkubwa, usiku wa manane na yeye maskini anabaki kuniombea na kitenge kichwani. Wakanipima elektro ya moyo, wakanifunga kamashine nikatembea nako mchana na usiku, wakasema ni mapigo ya ziada tu, kahawa na uchovu vinayachochea. Kahawa nimepunguza. Uchovu wa mwalimu wa Kongo nani ataupunguza.

Lakini kubwa kuliko yote ni mlio. Mie valvu yangu ya mitrali, mlango mmoja wa damu ndani ya moyo, iliharibika tangu utotoni, koo kuuma kila mara bila dawa, halafu magoti na viwiko kuvimba, wazee wakasema mtoto anakua huyo, kumbe ni homa ya rumatizimu inakula moyo pole pole. Kule India walinitolea ile iliyochoka wakaweka ya kiwandani, ina vibawa viwili vya kaboni, kila moyo ukipiga vinajifunga tk. Nikifungua kinywa sauti inaongezeka, jaribuni kupiga mwayo mbele ya wageni mtaona. Siku moja ya mtihani darasa limetulia kabisa, mtoto mmoja akainua mkono, Madame, kuna mtu anacheza na kalamu ya bic. Nikasema kwa ukali kabisa, wekeni bic chini wote!

Nilikuwa nauchukia huo mlio hasa nikilalia ubavu wa kushoto. Mpaka siku daktari aliponiambia ukisikia umefifia au umepotea usingoje asubuhi, damu inaweza kuwa imeganda kwenye vibawa. Tangu hapo nikishtuka usiku nafungua kinywa kwanza nisikilize. Na ndo maana ya warfarini kila jioni, dawa ya kuzuia damu isigande, na INR yangu, kile kipimo cha damu kuganda, inatakiwa icheze kati ya 2.5 na 3.5. Shangazi alisikia sombe, majani ya muhogo, inapigana na hiyo dawa akaacha kabisa kunipakulia, ananiwekea maharagi peke yangu, nimeeleza mpaka nimechoka kwamba shida ni kula nyingi leo na kesho hakuna, sombe ikiwa kiasi kile kile kila wiki dawa inapangwa juu yake. Haelewi, au hataki.

Sasa ikija homa isiyoeleweka, au mfupa ukianza kulia nikigeuka, au pumzi kukata nikilala chali, hapo sibaki nyumbani. Hayo mengine tunaishi nayo. Ila pikipiki ya kupanda Kadutu kwenye yale mashimo hapana, kila shimo linagonga zile waya. Napanda kwa miguu, pumzi ikiniishia nasimama nasalimia yeyote aliye karibu, habari za nyumbani, za watoto, za mama mkwe, na mtaa mzima wanasema huyu mwalimu anapenda watu.