Siku moja kwenye duka la matairi Ilala

Saa kumi na moja alfajiri niko kituoni Gongo la Mboto, saa moja kasoro nafungua mlango wa chuma Ilala. Katikati hapo kuna foleni ya Tazara, na wa njia ile wanaijua.

Naandika haya kwa sababu ya shemeji yangu. Kwenye kikao cha harusi alinitambulisha mbele za watu kuwa "huyu anajaza upepo". Upepo najaza, sikatai, lakini ni kazi ya dakika tatu. Kinachonilia siku ni watu wanaokuja na saizi zao kichwani.

Saa moja hadi saa nne: pancha, msumari, mzee mmoja wa Premio aliyetaka balansi tu, chai na chapati, pancha tena. Dogo anayenisaidia yuko kwenye jeki, mimi niko kwenye mashine ya kuvulia. Saa hizo mgongo bado mzima.

Saa nne na nusu ikaingia IST ya rangi ya fedha. Dereva kijana, wa teksi za mtandaoni, gari yuko nayo kwa mkataba. Alishuka na furaha zake, akafungua buti. "Fundi, nifungie hizi." Rimu mbili kwenye buti, mbili kiti cha nyuma, zote zina matairi ya 195/65R15. Za Noah. Kazipata kijiweni kwa jamaa, bei ya kutupa.

Sikubishana. Nilimwambia dogo avue tairi moja la mbele, nikalaza rimu yake pembeni. "Hesabu matundu." Akahesabu, akageuka kwenye gari akahesabu tena. IST hiyo ina nati nne, Noah ina tano. Akatulia kidogo, halafu akauliza, "Kwani nyie hamtoboi?"

Hatutoboi.

Hapo ningetegemea amalize. Kumbe ndiyo kwanza anaanza. "Basi kwenye rimu zangu hizi hizi niwekee tairi kubwa. 195/70 ya 14 si ipo?" Ipo. Tatizo lake nalielewa, msinielewe vibaya. Anabeba abiria wa Kivule na Majohe, na mvua ikinyesha kule IST inatembelea tumbo. Nililala chini nikaangalia: bomba la moshi limebonyea, kava la chini la injini limeshikiliwa kwa waya. Mtu wa namna hiyo akitaka gari linyanyuke, si ushamba.

Lakini tairi lina hesabu zake. Nikamfungulia mlango wa dereva, nikamwonyesha stika. Ni ya Kijapani, ila namba hazina lugha: 175/65R14. Hiyo 175 ni upana kwa milimita, na 14 ni rimu kwa inchi. Inayowapoteza watu ni 65. Wengi wanadhani ni milimita, kumbe ni asilimia: ukuta wa tairi una urefu wa asilimia 65 ya upana. Nikachukua chaki, nikaandika ukutani, pale bosi ananikatazaga. Asilimia 65 ya 175 ni milimita 113.75. Ukuta uko juu na uko chini, kwa hiyo mara mbili. Jumlisha rimu ya inchi 14, ambayo ni milimita 355.6. Unapata 583, ndiyo kimo cha tairi alilokuja nalo. Sasa 195/70R14 kwa hesabu hiyo hiyo inatoka karibu 629. Imezidi kwa asilimia 7 na kitu, karibu 8. Sisi tukivuka asilimia 3 tunaanza kuogopa.

"Asilimia nane si kidogo tu, fundi?"

Kidogo. Dashibodi itakuonyesha 50, wewe uko karibu 54, na trafiki mwenye tochi hasomi dashibodi yako. Faini yake ni elfu 30. Oili unayobadilisha kila kilomita 5,000 za dashibodi, kumbe ushatembea karibu 5,400. Injini ile ile ndogo inazungusha mguu mrefu zaidi, kwa hiyo inachelewa kuondoka, na breki zile zile zinasimamisha tairi kubwa kuliko lililokusudiwa.

Akasema, "Wewe unasema hivyo kwa sababu unataka kuniuzia ya kwako."

Hiyo kauli naisikia kila siku na kila siku inaniuma. 195/70 nilikuwa nayo stoo! Ningetaka kuuza tu, ningenyamaza.

Akampigia rafiki yake, akaweka spika. Rafiki anasema, "Weka tu, hamna shida, mi mwenyewe nimeweka." Nikamuuliza, ndugu, wewe una gari gani? Anaendesha Probox. Simu ikakatwa.

Jua limeshafika kichwani, gari mbili zinasubiri nyuma, dada mmoja wa Vitz anapiga honi. Nikaona maneno hayatoshi. Nilitoa stoo tairi kuukuu la 195/70 lililo kwenye rimu ya nati nne, nikalifunga mbele kulia. Nikamwambia ashike mwenyewe. Kati ya tairi na kikombe cha springi, kidole changu cha shahada hakikupita. Nikashusha jeki, nikamwambia akate stelingi yote kushoto, arudi nyuma taratibu. Krrr. Tairi likala plastiki ya ndani ya madigadi, likaacha mstari mweusi. "Na hapo uko peke yako," nikamwambia. "Weka abiria watatu na mabegi, uingie shimoni."

Hilo aliliona. Tukaishia 185/65R14: kimo chake 596, imezidi asilimia 2 na kidogo tu, inakaa vizuri kwenye rimu zake. Hata mzigo, lile lake la zamani lilikuwa na namba 82, maana yake kilo 475 kwa tairi moja. Hili lina 86, kilo 530. Akauliza gari litanyanyuka kiasi gani. Milimita sita na nusu. Uso ukaanguka. Ndiyo hivyo, tofauti yote ni 13, ila nusu yake iko juu ya ekseli, inayonyanyua gari ni nusu ya chini tu. Anayetaka urefu wa maana aende kwa watu wa springi. Lakini ukuta mnene nao unasaidia kupokea mashimo, na yale ya zamani yalikuwa vipara.

Alipoondoka, rimu za Noah zikiwa zimerudi kiti cha nyuma, ilikuwa saa nane kasoro. Dada wa Vitz alishaondoka kitambo. Bosi alinitazama, akatazama ukuta wenye chaki, hakusema kitu.

Ubwabwa nilikula nimesimama. Kuanzia hapo saa sikuziangalia tena. Alikuja mtu wa Forester anataka mawili tu ya mbele, mapana zaidi, ya nyuma yabaki yaliyokwisha. Ile inavuta miguu yote minne, mbele na nyuma vikipishana kimo giaboksi inateseka mwendo wote. Huyo alielewa haraka, Mungu ambariki, akanunua manne ya saizi yake.

Jioni, mgongo ushagoma, konda wa kipanya akaingia anakimbia. Anataka 195/65R15 kwa sababu ya kwao yameandikwa 195R15 8PR (8PR ni nguvu ya tabaka nane), "195 na 15 si ile ile?" Siyo. Ile ya Hiace yao imeandikwa 106, inabeba kilo 950 kila moja. Hii ya gari dogo ni 91, kilo 615. Na kimo chake kifupi mno. Nilikataa kufunga. Akaniita majina, akavuka barabara kutafuta duka lingine, na abiria wake wanasubiri kituoni. Huyo ndiye aliyenichosha kuliko tairi zote za siku hiyo.

Saa tatu usiku niko kitandani, miguu inawaka, simu ikaita. Yule wa IST.

"Fundi, imegonga tuta tena."

"Ulikuwa na abiria wangapi?"

"Wanne."

"Nyuma inadunda ukipita shimo?"

"Inadunda kama mpira."

"Shokapu za nyuma zimekufa hizo."

Akanyamaza kidogo. "Nyie mnauza shokapu?"

"Hatuuzi."

"Basi kesho nakuja uniangalizie."