Wafalme watatu, tisa nne

Kwanza ieleweke: poka, huu mchezo wa karata, hatuuchezi kwa pesa. Tunacheza kwa korosho. Kila Jumapili baada ya alasiri, barazani kwa shemeji hapa Chikongola, Mtwara, kila mtu anahesabiwa korosho ghafi mia moja na hizo ndizo dau. Adhana ya magharibi ikisikika, mwenye nyingi anabeba mfuko wote. Tuko watano, kwa hiyo mkekani kuna korosho 500. Kilo moja ya korosho nzuri huingia kama 200, basi tunagombea kilo mbili na nusu. Mimi ni karani wa mizani ghalani, hesabu za namna hiyo zinanijia bila kuitwa. (Korosho ni za shamba la mama, wenye ghala wasije wakanisoma vibaya.) Uzuri wake mwingine ni kwamba huwezi kutafuna dau lako. Ukiing'ata na ganda lake, mafuta yake yanakubabua midomo.

Poka alituletea Fundi. Siku hizi anatengeneza simu, lakini bomba la gesi lilipokuwa linalazwa kwenda Dar alikuwa kibarua kambini, akajifunza huko. Kila mtu anapewa karata mbili za siri, kisha tano zinafunguliwa mezani kwa wote: tatu kwa mpigo, halafu moja, halafu moja. Katika hizo saba unachagua tano bora. Sisi tuliokulia kwenye arubastini ilituchukua muda kuacha kugombana nani kala nini.

Sasa, Jumapili iliyopita. Nina korosho 150, shemeji ana 140, wengine wanasuasua. Mwalimu anachanga, anagawa. Nainua kona za zangu: mfalme wa shupaza, mfalme wa uru. Jozi ya kuanzia inayozidi hiyo ni moja tu, ree mbili. Nikatia kumi, kwa sauti ya mtu aliyechoka. Mwalimu akatupa, Fundi akatupa, jirani wa saluni akatupa. Shemeji akatia kumi zake huku anamwagiza mtoto kahawa.

Mezani pakafunguka mfalme wa kopa, tisa ya kopa, tisa ya pau.

Wafalme watatu na tisa mbili. Fulu hausi, tena kwenye karata tatu za mwanzo! Nikajikuna mguu ambao hauwashi. Nikatia ishirini, kidogo kidogo, nisimtishe. Akafuata. Ikaja karata ya nne, nikatia arobaini. Akafuata, akanywa kahawa funda moja. Karata ya mwisho jeki wa uru, haimsaidii mtu. Nikasukuma zote zilizobaki.

"Nakufuata, shem."

Hakufikiri hata kidogo, na hapo ndipo ningepaswa kusikia kitu. Akafunua karata ya kwanza: tisa ya shupaza. Nikasema moyoni ana tisa tatu huyu, maskini, mkono wangu ukaanza kwenda kwenye lundo. Ya pili akaigeuza kwa ukucha, taratibu, kama anabandua gundi kwenye sahani ya udongo. Tisa ya uru. Tisa nne, na nne zinaila fulu hausi yangu.

Mwalimu alisema "Lahaula." Fundi aliinuka, akavaa ndala, akaenda kusimama uani peke yake.

Usiku nilichukua daftari. Baada ya zile tatu za mezani kulikuwa na karata 47 nisizoziona. Ukizipanga mbilimbili unapata jozi 1,081 ambazo shemeji angeweza kuzishika. Katika hizo 1,081 iliyokuwa mbele yangu ni moja. Moja! Nikageuza daftari nikae upande wake: mwenye jozi mkononi, karata tatu za mezani zinaweza kumjia kwa namna 19,600, na namna zinazompa zote nne papo hapo ni 48. Ni mara moja katika kama 408. Ikaja siku hiyo, kwenye mkono ambao mimi nina wafalme.

Mwezi uliopita Fundi alinipiga kwa karata ya mwisho, alikuwa ananing'inia na jeki moja likamwokoa. Ile niliilalamikia siku tatu na ikaisha, kwa sababu nilikuwa naongoza na bahati ikanipokonya. Hii haina pa kulalamikia. Tangu zile tatu za kwanza nilikuwa maiti, mfalme wa pau tu ndiye angenifufua, nami mwenyewe ndiye niliyekuwa nabeba jeneza, tena kwa madaha. Ghalani kilo zikipungua kuna pa kutazama: mizani, gunia lililotoboka, stakabadhi iliyoandikwa vibaya. Hapa hesabu imekaa sawa mstari kwa mstari, ila mzigo haupo.

Nikampelekea mjomba Mikindani, yeye ni mtu wa bao. Akanisikiliza mpaka mwisho, mkono umejaa kete.

"Karata zake ulikuwa unaziona?"

"Nilikuwa sizioni, mjomba."

"Sasa unalilia nini? Bao hili lina kete 64, zote ziko juani. Hapa ukifungwa umefungwa wewe."

Nilitaka kumwambia kwamba kufungwa mimi ndiko ninakokutafuta, kosa langu nilishike mkononi nilione. Lakini mjomba habishiwi, nikasema ndiyo mjomba. Akasambaza kete zake, akateka, akaniuliza bila kuinua macho korosho tulizitoa wapi.

Jumanne jioni mtoto wa dada alibisha hodi na bakuli lililofunikwa kawa. Ndani korosho zimebanguliwa, zimekaangwa, zina chumvi, bado za moto.

"Mjomba, baba kasema usile kwanza. Kasema uzihesabu."

Nikazimwaga kwenye sinia. Thelathini na sita.