Jess Franco na madaktari wake wanne

Kwenye hizi muvi za Ulaya za miaka ya sabini, zile za bei chee zenye uchi mwingi na damu ya rangi ya nyanya, mashabiki wana utetezi mmoja wa kila siku, eti hela haikuwepo. Ukilalamikia skripti, hela haikuwepo. Ukiuliza mbona polisi wamekaa kama mapambo, hela haikuwepo. Sasa nimeicheki tena Sie tötete in Ekstase (Kijerumani, kama kusema "Aliua kwa msisimko") ya mwongozaji wa Kihispania Jess Franco na huo utetezi mi naukataa, maana vile ambavyo hela ingevirekebisha humu wala havinisumbui, vinavyonisumbua ni vile vya bure kabisa.

Stori iko hivi (nasimulia yote, muvi ya 1971 hii jamani). Kuna daktari Johnson anafanya utafiti wa viinitete vya binadamu, wakubwa wanne wa taaluma wanamkalia kikao, wanamdhalilisha, kazi yake inaharibiwa, akili inaruka, anajiua. Mkewe, ambaye ni Soledad Miranda, anaapa kulipiza, wanne wote. Anamtafuta mmoja mmoja, anamtega kimapenzi, wakifika chumbani anamuua. Ukisimuliwa hivyo unasema hii lazima iwe moto. Alafu unakaa, na haifiki hata dakika 90, ila unaiona ndefu kama foleni ya Mwenge saa kumi na moja jioni.

Kwa nini? Kwa sababu hamna cha kusubiri. Toka mwanzo tunamjua muuaji, tunajua anaua kwa ajili ya nini, tunajua wako wanne, tunajua atafanyaje. Anakutana na mtu, wanaangaliana weee, nguo zinavuka, mtu anakufa, anayefuata. Hakuna hata dakika moja niliyoogopa kwamba atakamatwa, na hakuna hata dakika moja niliyodhani labda huyu wa sasa atamuonea huruma. Muvi ya aina hii mapenzi na hatari vinatakiwa vikae kitanda kimoja, yani ukiona wanabusiana moyo ukudunde, humu kwanza ni mapenzi, yakiisha ndo inakuja hatari, kila kimoja kwa zamu yake, kama watu wanaopishana mlangoni bila salamu.

Na polisi sasa! Inspekta ni Horst Tappert, huyu huyu ambaye kuanzia 1974 alikuja kuwa mpelelezi Derrick kwenye sirizi ya Kijerumani iliyouzwa nchi zaidi ya 100. Mtu ana sura ya upelelezi mpaka kwenye mifuko ya macho, na Franco kampa kazi ya kuulizauliza na kutafakari. Kumfanya amkaribie yule mwanamke, hata mara moja tu wakutane kwenye ngazi za hoteli, ingegharimu shilingi ngapi?

Ila tuwe wakweli, kuna kifo kimoja kinaonyesha jamaa kichwani alikuwa na kitu. Daktari wa kike, kaigiza Ewa Strömberg, anauliwa kwa mto wa plastiki wa kujaza upepo, ule unaoona upande wa pili. Yani unaiona sura ikihangaika nyuma ya plastiki. Kitu cha bei rahisi kuliko vyote kwenye muvi nzima na ndo kitu pekee kilichonikaa. Hapo ndo nakasirika zaidi, maana kumbe akitaka anaweza! Angeikata mapema ingekuwa hatari tupu, yeye anaiacha iende, iende, mpaka unaanza kuuangalia mto wenyewe badala ya mtu.

Ushahidi wangu mkubwa lakini ni Miss Muerte, yake yeye mwenyewe Franco, ya 1966. Stori karibu ile ile: mtafiti anadhalilishwa na wenzake, anakufa, binti yake anawawinda madaktari anaowalaumu. Mpaka mwigizaji Howard Vernon yumo humu na humo, na kote anauawa, masikini. Nayo haikuwa muvi ya kitajiri, haina hata rangi, ila skripti alishiriki kuandika Jean-Claude Carrière, mtu aliyekuwa anaandika na mwongozaji maarufu Luis Buñuel. Kule binti hawaui madaktari kwa mkono wake, anamtumia mcheza shoo aliyemteka akili, mwenye kucha ndefu zenye sumu, kwahiyo muda wote unajiuliza yule dada atazinduka lini. Swali moja tu hilo linaibeba muvi nzima. Miaka mitano baadae swali limetolewa, uchi umeongezwa.

Haraka nayo imechangia. Muvi hii ilipigwa 1970, na mwaka huo huo Franco alikuwa anapiga na muvi yake nyingine, Vampyros Lesbos, na sura nyingi ni zile zile, Soledad, Strömberg, Paul Müller, na Franco mwenyewe anajipa uhusika kote kote (humu ni mmoja wa madaktari). Jamaa kafa 2013 kaacha muvi zaidi ya 150, utegemee nini. Kamera inavuta karibu, inarudi, inavuta tena, wakati mwingine haijui inatafuta nini. Sauti zimebandikwa baadae kama kawaida ya Ulaya enzi zile, midomo kivyake maneno kivyake, bora hata angepewa Lufufu, yule msimuliaji wetu wa muvi za video, atusimulie. Muziki wa Manfred Hübler na Siegfried Schwab ni mtamu kinoma, ogani na sitari, mwongozaji Tarantino kachukua kibao chao kimoja akakiweka kwenye muvi yake Jackie Brown ya 1997, ila ni muziki wa watu wanaojirusha, mtu anakufa nyuma yake unasikia pati.

Nyumba ya Johnson na mkewe ni Xanadú ya msanifu majengo Ricardo Bofill kule Calpe, Hispania, jengo la ajabu juu ya bahari, na Franco hakulijenga yeye lakini jicho la kuliona alikuwa nalo.

Na Soledad. Ana macho ambayo yanaomboleza hata pale skripti haijamwambia aomboleze, ukimuona kakaa na maiti ya mumewe unaamini kabisa kwamba kapotea. Kwenye majina ameandikwa Susann Korda. Alifariki Agosti 1970 kwa ajali ya gari Ureno, ana miaka 27, muvi haijatoka bado, na humo ndani mwisho wake ni wa gari pia. Watu wengi wanaisifia hii muvi kwa sababu hiyo, na mi nawaelewa, ila huzuni ile tumeileta sisi watazamaji, Franco hakuitengeneza.

Kama una usiku mmoja tu anza na Miss Muerte. Hii nyingine weka muziki wake uoshe vyombo.