Homa Inayorudi Baada ya Dozi

Mtu akishikwa na homa huku kwetu Tanzania, jibu huwa limekwisha kupatikana kabla ya swali kuulizwa: ni malaria, na kama si malaria basi ni taifodi, na yote mawili yasipoonekana ataambiwa ana UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Sikatai kwamba magonjwa hayo yapo, kwa maana malaria bado inaua, hasa watoto wenye umri wa chini ya miaka 5. Ninachokipinga ni desturi ya kumpa mgonjwa dozi ya pili na ya tatu, au kumbadilishia dawa tu bila kipimo kipya, ilhali homa yenyewe imekwisha kuonyesha kwamba chanzo chake kiko kwingine.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa hospitalini kwa homa huko Moshi kati ya 2007 na 2008. Zaidi ya asilimia 60 yao walidhaniwa kuwa na malaria, lakini walipopimwa kwa makini, waliothibitika walikuwa asilimia 1.6 tu. Waliobaki walikuwa na magonjwa mengi tofauti, na takriban robo walikuwa na maambukizi ya bakteria yatokayo kwa wanyama. Moshi si Kigoma wala Geita, ambako malaria ni nyingi zaidi, na mwenye homa Geita asiitumie takwimu hiyo kukwepa kupima malaria. Hata hivyo, inaonyesha jinsi mazoea yanavyoweza kuwapotosha hata wataalamu.

Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limeelekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa, na kipimo cha haraka cha tone la damu sasa kinapatikana hadi kwenye zahanati. Jambo ambalo wagonjwa wengi hawaelezwi ni kwamba kipimo hicho kinatafuta protini ya vimelea, na protini hiyo inaweza kubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Kwa hiyo mtu aliyemaliza dawa ya mseto wiki mbili zilizopita anaweza kuonekana bado ana malaria wakati homa yake ya leo imesababishwa na kitu kingine kabisa, na hapo ndipo damu inapopaswa kuangaliwa kwa hadubini. Kipimo cha Widal kinachotumika kwa taifodi kina kasoro inayofanana na hiyo. Kilibuniwa mwaka 1896, kinapima askari wa mwili (kingamwili) badala ya bakteria wenyewe, na kinaweza kusoma chanya kwa mtu aliyewahi kuugua zamani au aliyechanjwa. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha damu maabara, yaani kuiweka ili kuona kama bakteria wataota.

Mjomba wangu, mfugaji, alitibiwa malaria na taifodi kwa zamu, akipata nafuu kila mara kisha homa ikirudi jioni pamoja na jasho jingi na maumivu ya kiuno. Daktari bingwa alipomwona alitumia muda mrefu akimuuliza maswali: anafuga nini, nani huwazalisha ng'ombe wanapopata shida, maziwa huchemshwa au hunywewa mabichi, na kama kuna ng'ombe waliotupa mimba. Ilikuwa brusela, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa mifugo. Tiba yake huhitaji dawa zaidi ya moja kwa wiki 6 hivi, na ndiyo sababu antibiotiki za siku 5 au 7 humpa mgonjwa ahueni ya muda tu. Kwa mkulima wa mpunga daktari angeuliza kuhusu panya na maji yaliyotuama, kwani homa ya mgunda, iliyoua watu Lindi mwaka 2022, huenezwa kwa mkojo wa wanyama.

Basi mwenye homa isiyoisha aende kwa bingwa nani, na lini? Mwenye kuchanganyikiwa, degedege, shingo iliyokakamaa, kupumua kwa shida, macho ya manjano au kutokwa damu asitafute bingwa. Akimbizwe hospitali iliyo karibu saa hiyohiyo, na vivyo hivyo mtoto mchanga mwenye homa. Mwenye kikohozi cha wiki 2 au zaidi naye aanzie zahanati tu, kwa sababu kipimo cha makohozi na dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo, na ikigundulika kuwa ni kifua kikuu sugu atapelekwa kwa wanaohusika, kama wale wa hospitali ya Kibong'oto mkoani Kilimanjaro. Bingwa ni wa yule ambaye homa yake imepita wiki moja bila chanzo kuthibitishwa, au imerudi baada ya dozi kamili, au ambaye maabara imeonyesha kwamba bakteria wake ni sugu kwa dawa za kawaida. Anayeishi na VVU, au anayetumia dawa za kushusha kinga, mimi ningemshauri asisubiri hata hiyo wiki. Mabingwa wa magonjwa ya kuambukiza pekee ni wachache nchini, hivyo mara nyingi rufaa itakupeleka kwa bingwa wa magonjwa ya ndani, na hilo lisikuvunje moyo.

Nenda na vyeti vyote vya vipimo, pamoja na majina ya dawa ulizotumia na tarehe ulizoanza, hata zile ulizonunua duka la dawa bila cheti, kwa sababu antibiotiki uliyomeza jana inaweza kuzuia bakteria wasiote maabara. Kama hali yako inaruhusu, omba damu ichukuliwe kabla ya kuanza dawa nyingine. Majibu ya kuotesha huchukua siku kadhaa, kwa hiyo usiondoke kabla hujaambiwa uyarudie lini na umwone nani.