Na Huyu Je?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii vijana wetu wa Kidato cha Sita wamenikaa moyoni. Mitihani inaendelea hapa Mwanza, Nyamagana na Ilemela yote, na ukipita jirani na shule yoyote saa ambayo pepa ya hesabu inatoka, utawaona. Wamejikusanya juu ya mawe, mmoja ameshika kalkuleta, mwingine anaandika kwa peni kiganjani, na wote wanaulizana, "Swali la saba umepata ngapi?" Jibu lake likifanana na la wengi, mtu anashusha pumzi. Lisipofanana ananyamaza, anachukua begi lake na kuondoka peke yake kuelekea stendi. Leo namwandikia huyo anayeondoka peke yake.

Fungua Yohana 21. Wanafunzi wamekesha wakivua kwenye bahari ya Tiberia na hawakupata kitu. Watu wa Igombe na Kayenze hawahitaji kuelezwa usiku wa namna hiyo. Alfajiri wanalitupa jarife upande wa kuume, wanapata samaki 153. Baada ya chakula Bwana anamwuliza Petro mara tatu kama anampenda, anamkabidhi kondoo zake, anamwambia hata namna atakavyokufa. Ni mazungumzo mazito kuliko mtihani wowote. Na katikati ya uzito huo Petro anageuka, anamwona mwenzake, anauliza: "Bwana, na huyu je?" Yesu anamjibu: "Ikiwa nataka huyu akae hata nijapo, imekupasa nini wewe? Wewe unifuate mimi."

Sisemi kwamba kuulizana majibu ni dhambi. Nasema kunadanganya, na kwa hesabu kunadanganya kuliko somo lingine lolote, kwa sababu tumezoea kuamini kwamba katika hesabu jibu ni moja na likitofautiana basi mmoja amekosa. Sivyo. Chukua integresheni ya sin x cos x. Mmoja ameandika nusu ya sin²x ukijumlisha C. Wa pili ana hasi robo ya cos 2x ukijumlisha C. Wa tatu ana hasi nusu ya cos²x ukijumlisha C. Pale kwenye mawe watabishana mpaka jioni, na wote watatu wamepata. Majibu yao yanatofautiana kwa namba isiyobadilika tu, na C inaimeza. Au chukua tan ya nyuzi 75. Huyu anasema 2 + √3, yule anasema 3.732, mwingine kaacha sehemu yenye √3 + 1 juu na √3 − 1 chini. Ni kitu kimoja, isipokuwa swali liwe limetaja umbo linalotakiwa.

Yapo pia makosa halisi, nayo yana sababu zinazojulikana. Ukiiacha kalkuleta kwenye radiani wakati swali linatumia nyuzi, sin 30 inakupa −0.988 badala ya 0.5. Ukikadiria mapema, kwa mfano √6 ukaiandika 2.4 kisha ukaipiga kipeo cha pili, unapata 5.76 badala ya 6, na ukizidisha kwa π unaishia 18.1 wakati mwenzako ana 18.85. Kwenye takwimu, namba 2, 4, 6, 8 na 10 zinatoa mchepuko wastani wa 2.83 ukigawanya kwa 5, na 3.16 ukigawanya kwa 4. Kalkuleta ina vitufe vya vyote viwili, na jibu sahihi linategemea kama swali lilizungumzia kundi zima au sampuli. Sasa mtoto aliyetoka chumbani na kichwa kinachouma, anayezikumbuka namba za swali nusunusu, atayatenganishaje hayo yote akiwa amesimama juani?

Halafu kuna hili ambalo nataka ulisikie vizuri, wewe uliyeondoka peke yako. Msahihishaji hasomi mstari wa mwisho tu. Katika hesabu alama hugawanywa kwa hatua: kanuni uliyochagua, namna ulivyoingiza namba, kurahisisha, kisha jibu. Ndiyo maana karatasi inakudai uonyeshe kazi yote. Ukikosea ishara kwenye mstari wa tano, mistari minne ya juu bado ni yako. Na yule aliyetaja jibu sahihi kwa sauti huenda aliliandika bila hatua yoyote, akaziacha alama mezani. Mnacholinganisha pale nje ni kipande kidogo kabisa cha kazi mliyoifanya kwa saa tatu. Paulo anasema juu ya watu wanaojilinganisha nafsi zao na nafsi zao kwamba "hawana akili" (2 Wakorintho 10:12). Ni neno kali, lakini angalia jinsi linavyokaa sawasawa hapa.

Tupige hesabu basi, kwa kuwa ndilo somo lenyewe. Hesabu ya juu ina pepa mbili, kila moja alama 100. Pepa ya kwanza ina maswali kumi ya alama kumi kumi. Tuseme maswali mawili umeyapoteza yote, hukupata hata alama moja ya hatua. Hizo ni alama 20 kati ya 200, yaani asilimia kumi. Daraja la A linaanzia 80. Bado uko ndani ya A! Hata kama umeharibu zaidi ya hapo, E inaanzia 40, na E ni ufaulu kamili wa somo la tahasusi, unaohesabika kwenye sifa za kuingia chuo kikuu. Nani alikuambia mlango umefungwa? Aliyekuambia ni kijana mwenzako mwenye kalkuleta, naye anaogopa kama wewe. Mungu hakukuambia hivyo. Inuka, mwanangu. Pepa ya pili haijui ulichoandika kwenye ya kwanza. Ina maswali manne ya lazima, alama 15 kila moja, halafu unachagua mawili kati ya manne, alama 20 kila moja. Aliyeingia na moyo uliovunjika anachagua vibaya: anarukia swali la kwanza linalofanana na alilowahi kuliona, anagundua katikati kwamba limemshinda, anakata, anaanza jingine, na dakika 25 zimekwenda. Aliyetulia anayasoma yote manne kwanza. Tofauti hiyo haitokani na akili, inatokana na jioni aliyolala nayo.

Nanyi mnaopaza sauti pale getini, niwaonye kwa upendo. Unajua umefanya vizuri. Unayataja majibu yako namba kwa namba mbele ya mwenzako ambaye midomo imemkauka, na unaona. Wagalatia 6:4 inasema kila mtu "aipime kazi yake mwenyewe," naye atakuwa na sababu ya kujisifu ndani ya nafsi yake tu, "wala si kwa mwenzake." Mistari miwili juu yake tumeambiwa tuchukuliane mizigo. Wewe unamwongezea. Mnaoimba kwaya pamoja na kuongoza maombi kwenye umoja wa wanafunzi Wakristo, UKWATA na CASFETA, hili linawahusu kwanza. Kama huwezi kumsaidia kuingia pepa ya kesho, basi funga mdomo mkatembee pamoja mpaka stendi.

Wazazi, na ninyi. Mtoto akifika nyumbani Buhongwa au Igoma saa kumi jioni, swali la kwanza lisiwe "umefanyaje?" Wala usimpigie mzazi mwenzako kumwuliza wa kwake amesemaje. Bwana aliwakuta watu waliokesha bure, na kabla ya kumwuliza Petro neno lolote aliwasha makaa, akaweka samaki na mkate, akasema, "Njoni mfungue kinywa." Fanya hivyo. Ugali na sato, maji ya kuoga, alale mapema. Simu yenye kundi la majibu izimwe mpaka pepa ya mwisho. Hili la simu nalisisitiza, kwa kuwa majibu mengi yanayozunguka usiku yameandikwa na watu ambao hata swali hawakuliona.

Kuhusu maombi: karatasi ikishakusanywa, usikeshe ukimwomba Mungu abadilishe ulichoandika. Mtwike fadhaa yako yote, Petro huyuhuyu ndiye aliyeandika hivyo (1 Petro 5:7), kisha omba kwa ajili ya pepa iliyo mbele. Asubuhi kabla hujaondoka, bonyeza sin 30 uone inatoa 0.5. Weka peni mbili na rula. Ukiingia, andika kila hatua, usikadirie mpaka mstari wa mwisho, na swali likikukwamia acha nafasi uendelee na lingine.

Mkimaliza zote, sasa kaeni. Tafuteni mwalimu, mchukue swali moja moja na kulifanya tangu mstari wa kwanza, msianzie kwenye jibu. Wadogo zenu wa Kidato cha Tano wawepo na madaftari. Matokeo kwa kawaida hutoka Julai, na Baraza la Mitihani hutoa pia taarifa ya uchambuzi inayoonyesha swali kwa swali watahiniwa walikosea wapi na kwa nini. Hiyo ndiyo ya kuisoma pamoja nao, sura kwa sura, kabla hawajafika mlipofika ninyi.